Mwalimu, Hojaji ya Nini?

Juma lililopita mwalimu mmoja kijana, kutoka kata jirani hapa Kasulu, aliniletea karatasi zilizobanwa vizuri, akaomba nimpitishie kabla ya kikao cha jumuiya ya ujifunzaji, ambako walimu hukutana kujifunza wao kwa wao. Kichwa kilisomeka "Sababu Zinazochangia Ufaulu Duni wa Hisabati kwa Wanafunzi wa Darasa la Tatu", na nyuma yake palikuwa na hojaji ya kurasa nne kwa ajili ya wazazi. Tangu MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ianze nimekutana na kichwa cha namna hiyo mara nyingi mno, na hata majibu yake nayajua kabla hayajakusanywa: utoro, umaskini, uhaba wa vitabu, msongamano. Nilimuuliza, "Mwalimu, wewe uko wapi humu?" Akanionyesha jina lake kwenye jalada.

Imani inayonichosha ni hii, kwamba utafiti tendaji, ule ambao mwalimu huchunguza ufundishaji wake mwenyewe ili auboreshe, ni utafiti wa chuo kikuu uliopunguzwa kurasa. Mwanasaikolojia Kurt Lewin alipoandika juu yake huko Marekani mwaka 1946, na mtaalamu wa elimu Lawrence Stenhouse alipomtetea mwalimu mtafiti huko Uingereza mwaka 1975, hawakuwa wakimwomba mtendaji aige watu wa takwimu. Mzunguko wa kupanga, kutenda, kuchunguza na kutafakari mnaujua, siurudii. Kinachosahaulika ni sarufi ya swali lenyewe: kiima chake ni "mimi". "Kwa nini wanafunzi wanafeli?" ni swali linalohusu watu wengine, na linamwacha mwalimu amekaa pembeni kama hakimu. "Nifundisheje kutoa ili wasiendelee kukosea hivi?" linamrudisha ubaoni. Umaskini wa wazazi ni jambo la kweli, wala siudharau, lakini Jumatatu saa mbili asubuhi mwalimu hana uwezo wa kuuondoa. Lililo mikononi mwake ni maneno anayoyatumia mbele ya watoto.

Nasema maneno kwa sababu yalinikuta mimi mwenyewe. Kwa miaka mingi nilifundisha kutoa kwa kusema "kopa moja kwa jirani", nikasahihisha kwa kalamu nyekundu na kuandika "jitahidi". Siku moja, badala ya kusahihisha, niliyapanga madaftari ya darasa zima juu ya meza kwa kufuata jibu ambalo kila mtoto alikuwa ameandika. Swali lilikuwa 302 − 178. Rundo kubwa kuliko yote halikuwa la 124, lilikuwa la 276, na watoto hao hawakuwa wamebahatisha hata kidogo: kila safu walikuwa wametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, nane toa mbili, saba toa sifuri, tatu toa moja. Walikuwa na kanuni, wakaifuata kwa uaminifu kuliko mimi nilivyofuata andalio la somo. Nilipomwita mmoja anieleze, alisema kwa adabu kwamba jirani ana sifuri, na asiye na kitu hakopeshi. Mwenzake akauliza deni lenyewe tunalirudisha lini. Watoto wanaotumwa dukani kukopa mawese wanajua maana ya kukopa, na hesabu yangu haikufanana nayo.

Niliacha neno hilo, tukafunga vijiti mafungu ya makumi na ya mamia, tukawa tunasema "fungua fungu". Baada ya wiki tatu rundo la 276 lilikuwa limepungua sana, lakini likazuka rundo jipya la 174, la watoto waliofungua fungu la mia na kumwaga kumi moja kwa moja kwenye mamoja, wakiruka makumi, ambako bado walifanya saba toa sifuri. Kosa hilo nililizalisha mimi, na ni ugunduzi ambao hakuna mzazi angeujaza kwenye hojaji.

Je, ni vijiti vilivyosaidia? Sina uhakika. Huenda ni kwa sababu niliketi nao na kuwauliza, jambo ambalo nilikuwa sijalifanya. Huenda pia nilitamani kufaulu kiasi cha kuyasoma madaftari kwa huruma, ndiyo maana sasa humwomba mwalimu mwenzangu ayapange kabla yangu. Wanaodai kundi la kulinganisha wana hoja, ila mimi siwezi kuwanyima vijiti nusu ya watoto ili jedwali langu lipendeze, na matokeo ya darasa langu sidai kuwa ni ya nchi nzima.

Yule kijana nilimrudishia karatasi zake, nikamwomba alete madaftari ya darasa zima yakiwa hayajasahihishwa. Amekubali, ila ameuliza kama anaweza kuyaleta pamoja na hojaji, kwa kuwa ameshalipia kuzitoa nakala.