Pumba za mahindi: vanila iliyofungiwa ndani ya ganda

Jioni, kwenye mashine za kusaga za Katuba na Kenya, mitaa ya Lubumbashi, unga mweupe wa bukari (ugali) hubebwa nyumbani, na pumba huachiwa wafugaji wa nguruwe na kuku. Sina ugomvi na nguruwe. Ila huwa tunampa kitu ambacho viwanda vya manukato hukitafuta kwa bei.

Kitu hicho ni asidi feruliki. Jina limetoka kwa Ferula, mimea inayotoa mvuje, ile gundi ya harufu kali. Ndimo wakemia walimoipata mara ya kwanza mwaka 1866. Ganda la mahindi limeipita ngano na mchele kwa asidi hii: ganda kavu lililooshwa wanga wote huweza kutoa karibu kilo 3 kwa kila kilo 100. Pumba za mashine zetu bado zina unga na kiini, kwa hiyo mavuno yatapungua.

Asidi hiyo haielei tu ndani ya ganda. Imeshikamanishwa na nyuzi za sukari za ukuta wa seli, ndiyo maana maji ya moto peke yake hayaitoi. Maabara huchemsha pumba katika maji ya soda kali (hidroksidi ya sodiamu), kile kiungo kikakatika. Kisha huchujwa na kutiwa asidi. Ukiongeza alkoholi, nyuzi hutengana zikiwa gundi, nayo hufaa kufanya vinywaji na sosi viwe vizito. Feruliki hubaki kwenye maji na kutolewa kwa kiyeyushi. Huingia katika krimu za kulinda ngozi na jua, pamoja na vitamini C na E. Bakteria fulani huigeuza vanilini, ile inayoipa vanila harufu yake. Vanilini nyingi duniani hutokana na petroli, ndiyo sababu ile ya mimea huuzwa ghali.

Naulizwa mara nyingi kama kazi hii inafanyika jikoni. Hapana! Soda kali huunguza macho na ngozi.

Kazi ya mwenye mashine ni nyingine: ukavu. Mahindi yasizidi asilimia 13 ya unyevu kabla ya kuhifadhiwa. Ukungu ukiingia huacha aflatoksini, na punje ikikobolewa, sehemu kubwa ya sumu hiyo huishia kwenye pumba. Mvua za Novemba zikianza, gunia lililolazwa sakafuni huvunda upesi. La namna hiyo halifai maabara, na nguruwe naye asipewe.