Kuwinda wakati bega au miguu imegoma

Kila ikikaribia Septemba, msimu wa kuwinda kwa upinde unapofunguliwa hapa Wisconsin, Marekani, wagonjwa wangu hupunguza maswali kuhusu maumivu, wakaanza kuniuliza kama mwaka huu wataingia porini. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na mara nyingi jibu langu ni ndiyo. Kabla ya hapo, lakini, namwomba mtu anieleze anachofanya tangu anaposhuka garini mpaka nyama inapofika nyumbani. Kutembea gizani, kupanda dungu la mtini, kukaa kimya saa nzima nzima, kuvuta upinde, kufuata damu, kumburuta kulungu. Hizo ni kazi tofauti, na mwili kwa kawaida hukwama kwenye moja au mbili tu. Hiyo moja ndiyo tunayoitafutia njia nyingine.

Tuanze na bega, kwa kuwa ndilo linalowaleta wengi kwangu. Kichwa cha mfupa wa mkono kinashikiliwa mahali pake na misuli minne midogo, na kano zake huchakaa kadiri umri unavyokwenda. Kuvuta upinde kunazielemea moja kwa moja. Nina kipimo rahisi: keti kwenye kiti, inua miguu yote miwili kutoka sakafuni, elekeza upinde kwenye shabaha, kisha vuta taratibu. Ukilazimika kuuelekeza juu ndipo upate nguvu, au bega likipanda kuelekea sikioni, upinde huo ni mzito kwako. Punguza kilo mbili za nguvu ya kuuvuta, ujaribu tena.

Upinde wa kapi, wenye magurudumu madogo ya kupitishia uzi kwenye ncha zake, umewaokoa watu wengi hapa. Ulibuniwa na Holless Wilbur Allen wa Missouri, akapewa hataza mwaka 1969. Uzuri wake ni kwamba ukishauvuta hadi mwisho, kapi hizo hubeba sehemu kubwa ya mzigo: upinde unaodai nguvu ya kilo 27 kuuvuta na unaopunguza asilimia 80 unabaki kukuelemea kwa kilo tano na kidogo wakati unalenga. Hata hivyo, kilo 27 zile lazima uzipite kwanza. Asiyeziweza kabisa hutumia upinde wenye kitako kama cha bunduki, unaovutwa kwa mkono wa kuzungusha na kubaki umekazwa wenyewe. Na asiyeweza kusogeza mikono hata kidogo, kuna kifaa cha kufyatulia kwa kupuliza au kuvuta pumzi kwenye mrija.

Ukipunguza nguvu ya upinde, punguza na umbali. Aliyezoea kupiga mita 35 asogee hadi 20, au amwache mnyama apite. Hapo sina mjadala na mtu. Kulungu hapaswi kulipia ubovu wa bega letu kwa kufa polepole.

Wapo wanaodhani uwindaji ni nguvu za kijana. Kule Ziwa Eyasi, Tanzania, pinde za Wahadza, jamii inayoishi kwa kuwinda, huweza kudai nguvu ya zaidi ya kilo 30 kuzivuta, na bado watafiti wameona kwamba wanaosifika kwa kuleta nyama ni wanaume wa makamo, ambao miaka yao ya nguvu nyingi imeshapita. Wakati wa kiangazi huvizia usiku karibu na maji, wakimngoja mnyama aje mwenyewe. Na mpiga upinde Matt Stutzman wa Iowa, aliyezaliwa bila mikono, huushika upinde kwa mguu na kuuvuta kwa kuunyoosha mguu huo, uzi ukiwa umenaswa kwenye kifaa alichofunga begani. Mwaka 2024 alitwaa dhahabu ya Paralimpiki mjini Paris.

Kwa mwenye kiti cha magurudumu, dungu la juu hatulizungumzii. Kibanda cha chini kinatosha, na kinawafaa pia wazee wenye magoti mabovu, maana kuanguka kutoka mtini huvunja migongo kila msimu. Hatari yake ni nyingine. Mwindaji amefundishwa kutotikisika, ilhali asiyehisi makalio yake akikaa hivyo saa tatu anaweza kuondoka na kidonda kitakachomlaza miezi. Kila baada ya dakika 15 hadi 30 egemea mbele, hesabu hadi mia, rudi. Fanya polepole, ndani ya kibanda chenye giza mnyama hataona. Vifuko vya kupasha joto visiguse ngozi isiyo na hisia: vinaunguza bila wewe kujua. Uti wa mgongo ukiwa umeumia juu, mwili hauwezi kujipasha joto vizuri, na ndiyo maana naupenda msimu maalumu wa bunduki ambao Wisconsin huwapa wawindaji wenye ulemavu mwanzoni mwa Oktoba, wiki kadhaa kabla ya baridi ya Novemba. Uliza mapema, kibali hudai saini ya daktari, na mara nyingi unahitaji mwenye shamba aliyejiandikisha kukupokea.

Mwisho ni moyo, na hapa ninakuwa mkali. Kuburuta kulungu wa kilo 70 kwenye theluji kunaupandisha moyo kwa namna ambayo mazoezi ya wiki nzima hayakuuandaa, na baridi yenyewe inabana mishipa. Kama umewekewa stenti, yaani kijibomba cha kuuacha wazi mshipa wa moyo, au unabanwa kifua ukipanda ngazi, usimguse huyo kulungu. Muone daktari wako wa moyo kabla ya msimu, nenda na simu yenye chaji, beba sleji ya plastiki ya kumlazia, na upatane na jirani tangu jana yake nani atakuja kuivuta.