Dodge Charger ya sentimita 21: yanayosemwa kuhusu kujenga modeli, na hali ilivyo

Picha ya modeli nzuri ya gari la Kimarekani la miaka ya 1960 ikipita mtandaoni, sifa zinazoifuata hazibadiliki: ina vipande elfu, inang'aa hadi unajiona, aliyeijenga lazima ana mashine za bei mbaya. Hapo ndipo wanaoanza hupotea, maana huzichukua sifa hizo wakazifanya ndiyo mwongozo wa kazi. Nitazipima kwa gari moja: Dodge Charger R/T (toleo lake la kasi) ya 1969 yenye injini ya 426 Hemi, yaani V8 ya inchi za ujazo 426, kwa kipimo cha 1/25: kila sentimita 25 za gari halisi zinakuwa sentimita moja.

"Gari lolote kuukuu la V8 ni muscle car"

Hapana. V8 ni injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V tu. Muscle car ni jina la kundi la magari ya Marekani, hasa yale ya 1964 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970: bodi ya ukubwa wa kati, injini iliyokusudiwa gari kubwa, na bei ambayo kijana mwenye ajira angeweza kuimudu. Kwa kawaida masimulizi huanzia Pontiac GTO ya 1964. General Motors, kampuni mama ya Pontiac, ilikuwa imekataza injini inayozidi inchi za ujazo 330 kwenye magari yake ya kati. John DeLorean na wahandisi wenzake wa Pontiac wakaipenyeza injini ya 389, yaani takribani lita 6.4, kwa kuiita nyongeza ya hiari kwenye Tempest LeMans. Kwa kuwa halikuwa gari jipya kwenye makaratasi, kizuizi kile hakikuligusa.

Mjenga modeli ana sababu ya kuyajua haya. Hayakuwa magari ya kifahari. Yalikuwa magari ya bei ya wastani yaliyounganishwa kwa haraka, na jambo hilo linaamua modeli yake ionekaneje, kama tutakavyoona kwenye rangi.

"1/24 na 1/25 ni mamoja, na seti ya kiwandani haina kosa"

Charger halisi ina urefu wa inchi 208, kama mita 5.28. Kwa 1/25 unapata milimita 211, kwa 1/24 unapata 220. Tofauti ya milimita 9 kwenye gari zima unaweza kuivumilia. Kwenye injini iliyotoka seti nyingine (seti ni boksi la vipande vya plastiki vya kuunganisha) na sasa inatakiwa ikae chini ya boneti hii, huivumilii, kwa sababu boneti haifungi. Kati ya watengenezaji wa seti, za magari za AMT kwa sehemu kubwa ni za 1/25. Monogram walipendelea 1/24. Soma boksi kabla ya kuchanganya.

Kuhusu usahihi, AMT walianza mwaka 1948 kule Michigan wakitengeneza vigari vya matangazo kwa ajili ya wauza magari, na seti nyingi za zamani zimerithi tabia za vigari hivyo. Utakuta chasisi iliyomwagwa pamoja na bomba la moshi na springi kama kitu kimoja. Utakuta pia ekseli ya chuma iliyopitishwa katikati ya injini, ili matairi ya mbele yazunguke mtoto akilisukuma gari sakafuni. Ukiiacha ekseli hiyo, hata ukiongeza nini juu yake, aliyewahi kuinama chini ya gari atacheka.

"Kazi ya kina maana yake ni kuongeza vipande"

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Watu wanaagiza vipande vya bati jembamba vilivyochongwa kwa asidi, wanaagiza vibao vya namba, vitasa, hata funguo za gari, kisha wanavibandika kwenye bodi ambayo hawakuigusa. Matokeo ni kichezeo chenye mapambo mengi. Jicho la mtazamaji huchelewa kugundua kwamba kitu hakipo, lakini hugundua mara moja kwamba kitu ni kinene mno.

Piga hesabu. Bati la mlango wa gari halisi lina unene wa takribani milimita 1, hivyo kwa 1/25 linapaswa kuwa 0.04. Plastiki ya seti ina milimita 1 na ushei. Irudishe kwenye ukubwa wa kweli: bati la sentimita 2.5, la kifaru cha vita. Hakuna anayeweza kuikwangua bodi nzima hadi 0.04, wala haihitajiki. Kinachoonekana ni kingo tu: duara za matairi, mdomo wa boneti, kingo za madirisha, sehemu ya chini ya bampa. Zikwangue kwa ndani kwa kisu, malizia kwa msasa, na uache unene ubaki kule ambako hakuna jicho linalofika. Kwa mtu mwenye subira hiyo ni kazi ya jioni chache, na inaibadilisha modeli kuliko boksi zima la vipande vya nyongeza.

Vioo navyo vivyo hivyo. Kioo cha mlango chenye milimita 5 au 6 kinakuwa kama 0.2 kwa 1/25. Kile cha kwenye seti ni kinene mara kadhaa, na ndiyo maana ukiangalia kwa pembeni unaona kingo nyeupe inayokwambia wazi kwamba hii ni plastiki. Vioo vya pembeni vikate upya kutoka karatasi angavu ya plastiki ya unene huo. Cha mbele kimejikunja, ni kigumu kukiiga. Wengi hukiacha cha seti, wakaung'arisha ukingo wake na kupaka rangi nyeusi pale mpira unapokaa.

Kisha kuna mifereji ya milango. Pengo la milimita 5 kati ya mlango na bodi linakuwa 0.2. Seti nyingi zina mfereji wa kina kifupi, na kila tabaka la rangi linaufukia zaidi. Uchimbe kabla ya undakoti, yaani rangi ya kwanza ya msingi, siyo baada. Rangi yenyewe ni unene vilevile: undakoti, rangi na vanishi vikifika 0.1 kwa pamoja, umepaka Charger yako rangi ya milimita 2.5. Basi ukisikia fundi anasema amepuliza tabaka kumi ili rangi "ishibe", ujue amekwisha kuzika nembo za ubavuni.

"Nyaya za injini ni nyaya tu, zielekee popote"

Waya wa plagi wa enzi zile ulikuwa na kipenyo cha milimita 7. Kwa 1/25 ni 0.28. Waya nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kazi hii ni nene kuliko hapo, na injini inaonekana kama imevamiwa na mabomba ya maji. Kwa duka la vifaa vya umeme la mtaani kwetu kuna jibu la bei nafuu: fleksi ya 1.5 mm² ina nyuzi za shaba za takribani 0.25 kila mmoja. Chuna, nyoosha uzi mmoja, paka rangi nyeusi nyepesi, umefika.

Mpangilio ndio unaowaumbua wengi. Hemi ina distributa, kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, mbele, wakati Chevrolet ya V8 ya wakati huo inayo nyuma, karibu na ukuta wa abiria. Zote mbili huwasha kwa mfuatano wa 1-8-4-3-6-5-7-2, na silinda za namba witiri ziko upande wa dereva, lakini rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya distributa, ya Hemi inazunguka kinyume na saa na ya Chevrolet inafuata saa. Ford wana hesabu yao nyingine kabisa: silinda 1 hadi 4 ziko upande mmoja. Kwenye Hemi plagi zimekaa katikati ya vifuniko vya valvu, kwa hiyo nyaya zinaingia juu ya vifuniko, haziingii ubavuni. Ukiziingiza ubavuni umejenga injini isiyokuwepo. Vifuniko hivyo ni vyeusi, na rangi yake ina mikunjo midogo, haing'ai. Injini yenyewe ni ya rangi ya chungwa, na juu yake kuna kabureta mbili za Carter zilizopangwa mbele na nyuma.

"Modeli bora ni ile inayong'aa kila mahali"

Hapa narudi kwenye ile habari ya magari yaliyounganishwa kwa haraka. Gari lililotoka kiwandani mwaka 1969 lilikuwa na rangi yenye vijinundu vidogo, mapengo ya milango yasiyolingana, na alama za chaki za wakaguzi. Chini yake mara nyingi kulikuwa na undakoti butu, na vumbi la rangi ya bodi lililopenya kutoka pembeni lilipokuwa likipulizwa. Magari yanayong'aa hadi chini ya chasisi ni yale yaliyofufuliwa miaka ya karibuni na mafundi wa maonyesho, na mengi yamefufuliwa kupita kiasi. Ukiyaiga hayo, umejenga modeli ya gari la maonyesho. Hakuna ubaya, ila usiandike "kama lilivyotoka kiwandani".

Kosa linalonichosha zaidi ni chini ya boneti. Watu hupaka sehemu yote ya injini nyeusi kwa sababu waliona hivyo kwenye Camaro au Mustang. Kwa magari hayo ni sawa: General Motors na Ford walipaka ukuta wa injini na pembeni zake nyeusi. Chrysler, kampuni mama ya Dodge, hawakufanya hivyo. Kwenye Charger sehemu ya injini ina rangi ya bodi. Charger nyekundu yenye tumbo jeusi inaonekana nzuri, na si sahihi.

Usiamini kumbukumbu wala picha moja. Charger ya 1968 ina taa nne za duara nyuma na vitaa vya duara ubavuni. Ya 1969 ina taa ndefu nyuma, vitaa vya mstatili, na grili iliyogawanywa katikati. Wapo wanaouza magari halisi yenye mchanganyiko wa yote mawili. Tafuta picha za wakati ule, au za gari ambalo halijawahi kufufuliwa.

Na tairi si jeusi. Mpira uliotumika ni kijivu kilichokolea, na rangi nyeusi kabisa huua umbo lake lote.

"Kromu ya kwenye seti ndiyo inayofanana zaidi na ya kweli"

Ile ni alumini iliyogeuzwa mvuke na kubandikwa juu ya plastiki ndani ya chumba kisicho na hewa. Ina alama za pale kipande kilipokatwa kutoka fremu, na hung'aa sawasawa kila mahali. Ichovye kwenye Jik, itayeyuka. Usichanganye Jik na asidi wala kitu chenye amonia, kwani hutoa gesi yenye sumu. Baada ya hapo safisha maungio, kisha upake upya rangi ya kromu juu ya nyeusi inayong'aa. Mikanda ya kuzunguka vioo haipakwi kwa brashi: unabandika karatasi nyembamba sana ya alumini yenye gundi, unaisugua, unakata ukingo kwa wembe mpya. Wembe mpya, si ule wa juzi.

"Bila kompresa huwezi"

Unaweza. Kopo la kupuliza, tabaka nyepesi, na msasa laini wa kung'arishia vimetoa modeli nzuri sana. Kwa aliye Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, adui mkubwa kuliko kukosa kompresa ni unyevu. Rangi za laka zikikauka hupoza uso, mvuke wa hewani unaganda juu yake, na rangi inapauka kama iliyomwagiwa maziwa. Epuka alfajiri na siku za mvua. Mchana hewa huwa kavu kidogo.

Vanishi ya mafundi wa magari, ile ya kuchanganya na hadina, ni jambo jingine. Ina kemikali ziitwazo isosianati, ambazo zinaweza kusababisha pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii kitu. Kama huna barakoa ya vichujio vya gesi na mahali pa wazi, iache.

"Supaglu inatosha"

Kwa bati na resini, ndiyo. Kwa polistirini, yaani plastiki ya seti, tumia gundi ya kuyeyusha plastiki, kwa sababu inaunganisha vipande viwili kuwa kimoja. Supaglu karibu na kioo huacha ukungu mweupe. Hapo tumia gundi nyeupe ya mbao.

"Ikishakamilika, iweke kabatini usahau"

Matairi laini ya vinili kwenye seti nyingi, hasa za zamani, hutoa kilainishi polepole, na kilainishi hicho hula polistirini. Baada ya miaka rimu zinakuwa zimelainika zikashikana na tairi, na meza ya plastiki ina mashimo manne. Kabla ya kuvalisha tairi, zungushia rimu karatasi ya alumini au rangi nzito kama kizuizi. Usilisimamishe gari juu ya plastiki, na uliweke mbali na dirisha: jua la mchana likipita kwenye kioo huanza na nguzo nyembamba za paa, na hizo zikishapinda hazinyooki tena.