Shaba si lazima ishinde alumini kwenye spika za utando

Wengi huamini kwamba spika ya utando na sumaku bapa hulia vizuri zaidi ikiwa na waya wa shaba au wa fedha, kwa kuwa hupitisha umeme kuliko alumini. Kupitisha, kweli hupitisha. Ila waya huu umegandishwa kwenye utando wa plastiki na hutikisika nao, kwa hiyo uzito ndio mwamuzi. Kwa urefu na ukinzani uleule, waya wa alumini huhitaji eneo la mkato mara 1.6 hivi ya lile la shaba, lakini uzito wake haufiki nusu ya shaba. Ukiweka shaba, kwa wati zilezile sauti hupungua, hasa ile nyembamba ya juu. Tabu ya alumini ni maungio: oksidi, yaani tabaka jembamba linalojitokeza juu yake hewani, hukataa lehemu ya kawaida.