Mtoto kachagua akiolojia? Haendi kuchimba dhahabu

Ukisema hapa Unguja kwamba mtoto wako kachaguliwa kusoma akiolojia chuo kikuu, yaani elimu ya kuyajua maisha ya watu wa kale kwa mabaki waliyoyaacha, suala la mwanzo utaloulizwa: ati anakwenda kutafuta dhahabu za Wareno? Hapana jamani. Pale Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 kweli zilifukuliwa sarafu ndogo ndogo za fedha zaidi ya 2,000, lakini faida yake kwa msomi si bei, ni majina ya watawala yaliyopigwa juu yake, maana yanatwambia mwambao huu ulikuwa na pesa zake karne nyingi kabla Mreno hajaijua njia ya kuja huku.

Kazi yenyewe hasa ni vigae. Unakaa na kipande cha chungu, unakisugua taratibu kwa mswaki, unatazama mdomo wake umekatwa vipi, michoro yake, udongo umechomwa ukawa rangi gani, halafu unakipa namba na unaandika kimetoka shimo gani na tabaka gani la udongo. Bila ya hilo tabaka kigae hakisemi kitu tena, ndio maana mtu akienda kuchimbachimba magofu usiku kutafuta mali mimi roho inaniuma sana, kwa sababu alichokivuruga hakirudishiki hata akikamatwa kesho yake.

Na hata mchanga wenyewe hautupwi ovyo, unatiwa kwenye maji na zile mbegu zilizoungua zinaelea juu, ndivyo wataalamu walivyojua kwamba Tumbe ya kale, Pemba, watu walikula zaidi uwele, na baadae huko Chwaka, Pemba hiyo hiyo, mpunga ndio ukashika. Yaani wali wetu huu una historia yake, na sehemu kubwa haimo kwenye maandishi ya wasafiri, imo kwenye punje.

Wengine wanafikiri ni kusoma mijusi mikubwa ya zama (dainosaria) kama ile ya Tendaguru kule Lindi. Ile fani nyengine kabisa, akiolojia inahusu binaadamu.

Kuna dhana hii potofu pia, kwamba mji wa kale wowote hapa umeletwa na wageni. Unguja Ukuu palikuwa na watu wanafanya biashara ya bahari tangu karne ya 7 hivi, vya ng'ambo vipo, vioo na vyombo vya Uajemi, lakini vyungu vya kienyeji ndio vingi zaidi.

Wengine watakwambia, "Ni arts tupu, na kazi hamna." Mtoto atakutana na radiokaboni (kipimo cha kujua umri wa mabaki), ramani za kompyuta, mifupa ya wanyama na takwimu, kwa hio hesabu asizikimbie. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaifundisha tangu 1985. Nafasi za serikalini ni chache, hilo kweli, ila wapo wanaofanya kazi makumbusho, utalii, ualimu, na kukagua kama ardhini mna mabaki ya kale kabla ya barabara au hoteli kujengwa, na kwa hoteli zinavyoota pwani yetu hii sasa hivi hao wa mwisho tunawahitaji tangu jana.