Kauli ya Ubuddha ambayo Einstein hakuiandika

Kwa miaka mingi Albert Einstein amenukuliwa akisema kwamba, ikiwapo dini inayokidhi mahitaji ya sayansi ya kisasa, basi ni Ubuddha, na wapo wanaoitumia kauli hiyo kutetea mafundisho ya Kibuddha ya kuzaliwa upya baada ya kifo; lakini kauli hiyo haipatikani katika maandishi yake yanayojulikana. Alichoandika kweli, katika makala ya mwaka 1930 iliyochapishwa na gazeti la New York Times, ni kwamba hisia ya kidini ya kuustaajabia ulimwengu mzima, ambayo dalili zake aliziona hata katika Zaburi za Daudi, imo kwa nguvu zaidi katika Ubuddha, jambo ambalo alieleza kuwa tumelijua hasa kupitia maandishi ya mwanafalsafa Mjerumani Schopenhauer. Hiyo ni heshima ya dhati, nami sipendi ipuuzwe, ila haithibitishi mafundisho ya kuzaliwa upya.