Randa ya mtumba: anza na meza, mota baadaye

Marufuku ya kukata miti kwenye misitu ya serikali ilipotangazwa Kenya Februari 2018, viwanda vingi vya mbao pande za Elburgon na Molo vilisimama. Julai 2023 Rais alitangaza kuiondoa, lakini si kila mashine iliyoamka. Nyingine bado zimefunikwa maturubai, na inaniuma sana kuona randa nzima ya umeme ikiuzwa kwa kilo kama skrapu wakati seremala wa Nakuru anahangaika na randa ya mkono.

Wateja hunipigia simu wakisema, "Fundi, nimepata mashine, mota inanguruma vizuri." Mota hubadilishwa. Meza, lile bapa la chuma ambalo mbao hupita juu yake, ikipasuka, hiyo ni habari nyingine. Meza hizi ni za chuma cha kusubu, kile kizito kinachovunjika badala ya kupinda, na ukikichomelea kama chuma cha mlango, ufa mpya hutokea kando ya ule wa kwanza.

Ufa mwembamba hauonekani kwa macho. Sugua kutu kwa brashi ya waya, paka mafuta taa, subiri kidogo, kisha pangusa hadi pakauke. Pakaza unga wa chaki. Palipo na ufa, mafuta taa yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Angalia hasa pembeni na pale meza inaposhikiliwa na boliti. Halafu simamisha rula ndefu ya chuma kwa ukingo wake juu ya meza, kwa urefu na kutoka pembe hadi pembe, umulike tochi kwa nyuma. Mwanga mwingi ukipita, ondoka, hata bei iwe tamu vipi.

Kutu ya juu isikutishe. Dizeli na msasa huitoa.

Beringi pia ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Namba imeandikwa ubavuni: tarakimu mbili za mwisho zikiwa 04 au zaidi, zizidishe kwa 5, upate tundu kwa milimita. 6205 ni shafti ya milimita 25, na maduka ya vipuri vya magari huwa nayo. Ila randa za zamani za Uingereza, kama Wadkin, nyingi zina nati za Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza. Spana ya milimita italamba kona zote, kwa hiyo tafuta spana yake.

Sasa mota. Za viwandani nyingi ni za fezi tatu, na karakana yako huenda ina fezi moja, volti 240. Soma kibao chake. Kikisema 230/400, fundi umeme anaweza kuunganisha nyaya zake kwa mtindo wa delta, ule wa volti 230, na kuiendesha kwa inveta, kifaa kinachogeuza fezi moja kuwa tatu. Kikisema 415 tu, volti 240 haziitoshi; toa bei ya mota nyingine kwenye bei ya muuzaji kabla hamjashikana mikono.

Na kinga ya visu ikiwa imepotea, tengeneza nyingine kabla hujaiwasha hata mara moja.